Kusafisha bayogesi na gesi ya dampo hadi kiwango cha gesi asilia: ulinganisho wa njia tano

Mtu anayetaka kununua mtambo wa kusafisha bayogesi kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei, ilhali swali linaloamua iwapo mtambo huo utamfaa ni jingine: gesi ghafi imetoka wapi, na ndani yake mna nini. Njia tano zinazotumika zaidi, yaani kuosha kwa maji, kuchuja kwa utando, kunyonya kwa kemikali iitwayo amini, kunasa kwa chembe zenye vinyweleo, na kutenganisha kwa baridi kali, zote hutoa gesi safi zikiwekwa mahali panapozifaa. Tofauti zao huonekana pale gesi ghafi inapokuwa na kitu ambacho njia husika haiwezi kukiondoa, na kitu hicho mara nyingi huwa naitrojeni.

Gesi mbili zisizofanana

Bayogesi ya tangi lililofungwa vizuri, ambamo samadi, mabaki ya chakula, mabaki ya mkonge au tope la majitaka huvunda bila oksijeni, huwa na methani, ambayo ndiyo gesi inayowaka, asilimia 50 hadi 70, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni hewa ukaa. Humo mna pia mvuke wa maji na haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo hula chuma na ni sumu kwa binadamu. Naitrojeni huwa kidogo sana, kwa sababu hewa ya nje haina pa kupenyea.

Gesi ya dampo huzaliwa kwa namna hiyo hiyo, lakini huvunwa kwa namna nyingine kabisa. Visima huchimbwa katika lundo la taka, mabomba yakaunganishwa, kisha mashine ikafyonza gesi kutoka chini. Na kwa kuwa hakuna dampo linalozibwa kama chupa, mfyonzo huo huvuta pia hewa kupitia nyufa za udongo uliofunika taka. Matokeo yake ni gesi yenye methani ya karibu nusu tu, naitrojeni ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 15, na oksijeni kidogo. Juu ya hayo huja siloksani, yaani misombo ya silikoni inayotokana na shampuu, losheni na vipodozi tunavyotupa, ambayo ikiungua hugeuka unga mweupe mgumu unaokwangua pistoni na kuziba vali za injini.

Gesi inayokusudiwa ni ile ambayo mtumiaji hataweza kuitofautisha na gesi asilia. Gesi ya Songo Songo inayofika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004 ina methani ya asilimia 97 hivi, na kiwango cha Uswidi cha bayogesi ya magari kiliwekwa karibu na hapo. Mita moja ya ujazo ya methani ina nishati inayokaribia sana ile ya lita moja ya dizeli, na ulinganifu huo ni rahisi kukumbuka wakati wa kupiga hesabu zinazofuata.

Kusafisha kabisa au kuzalisha umeme?

Kabla ya kulinganisha njia za kusafisha, ni haki kulinganisha kusafisha kwenyewe na mbadala wake wa kawaida, ambao ni kuipeleka gesi moja kwa moja kwenye injini ya jenereta. Injini haidai mengi, kwa kuwa hufanya kazi vizuri kwa gesi yenye methani nusu, haisumbuliwi na naitrojeni ya kiasi, na inachohitaji hasa ni gesi iliyokauka, iliyopunguzwa salfa na, kama imetoka dampo, iliyoondolewa siloksani. Mtambo wa Gorge Farm huko Naivasha, unaotumia mabaki ya mimea ya mashambani na ulioanza mwaka 2015, ulichagua njia hiyo na kuzalisha umeme wa zaidi ya megawati 2.

Tuchukue chanzo kinachotoa mita za ujazo 500 za bayogesi kwa saa, zenye methani asilimia 60. Hizo ni mita 300 za methani kwa saa, zenye nishati ya takriban uniti 3,000, yaani kilowati-saa 3,000. Injini nzuri itageuza asilimia 40 hivi kuwa umeme, sawa na uniti 1,200, na nishati iliyobaki itatoka kama joto, ambalo lina thamani tu pale palipo na wa kulitumia karibu, kama vile kiwanda cha maziwa au kikaushio cha mazao. Mtambo wa kusafisha, kwa upande wake, hutumia robo uniti hivi kwa kila mita ya gesi ghafi, yaani uniti 125 kwa saa, na kukuachia karibu methani yote ikiwa katika hali inayoweza kusafirishwa, kuwekwa akiba na kuuzwa kama mafuta ya gari. Kwa kipimo cha nishati peke yake, kusafisha kunashinda kwa mbali.

Ushindi huo, hata hivyo, una maana pale tu penye mnunuzi. Nchini Marekani hesabu ilibadilika mwaka 2014, serikali ya shirikisho ilipoiweka gesi hii ikitumiwa kwenye magari katika kundi la nishati-mimea ambalo wazalishaji wake hupata hati za kuuza, tena zenye thamani kubwa zaidi sokoni, na sera ya California ya kupunguza ukaa katika mafuta ikaongeza malipo mengine juu yake. Miradi mingi ya madampo ya huko husimama kwa malipo hayo kuliko kwa bei ya gesi yenyewe. Msomaji wa Afrika Mashariki anayekutana na mahesabu ya faida kutoka kule ayapunguze hati hizo kwanza, kisha aone kinachobaki.

Katika eneo letu hali zinatofautiana. Dar es Salaam ina magari, bajaji na vituo vinavyotumia gesi iliyoshindiliwa, ambayo madereva huiita CNG, kwa hiyo vifaa na mafundi wapo. Lakini bayogesi iliyosafishwa italazimika kushindana na gesi asilia ya nchini, ambayo haihitaji kutengenezwa bali kuchimbwa. Nairobi na Kampala hakuna bomba la gesi asilia, na mshindani ni dizeli inayoagizwa kutoka nje pamoja na gesi ya mitungi ya jikoni. Kwa maoni yangu, mahali penye dizeli ya bei ya juu na kundi la malori au mabasi yanayorudi kituo kimoja kila jioni ndipo mradi mdogo wa kusafisha una nafasi nzuri zaidi, kwa sababu hauhitaji bomba hata moja nje ya uzio wake.

Hapa naomba nitoe tahadhari moja. Methani iliyosafishwa haiwezi kuwekwa katika mtungi wa jikoni wa kilo 6 au 15. Gesi ya mitungi hiyo hugeuka kimiminika kwa shinikizo dogo, ilhali methani haigeuki kimiminika kwa shinikizo lolote mpaka ipozwe chini ya nyuzi 82 chini ya sifuri, na ndiyo maana huwekwa katika mitungi mizito iliyoundwa kwa shinikizo la bar 200, yaani karibu mara 200 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Anayejaribu kuishindilia katika mtungi mwepesi anatengeneza bomu.

Kuosha kwa maji

Njia hii hutegemea jambo rahisi, kwamba hewa ukaa huyeyuka katika maji karibu mara 25 kuliko methani. Gesi hushindiliwa hadi bar 6 hadi 10 na kupandishwa katika mnara huku maji yakishuka kinyume chake. Maji huondoka na hewa ukaa pamoja na sehemu kubwa ya haidrojeni salfaidi, na methani hutokea juu. Maji hayo hupita kwanza katika tangi la shinikizo la kati ili kurudisha methani kidogo iliyoyeyuka, kisha hupulizwa hewa katika mnara wa pili, yakatoa hewa ukaa na kurudi kazini. Hakuna kemikali, hakuna joto linalohitajika, na pampu, vali na minara ni vitu ambavyo fundi wa kiwanda cha maji anavielewa tayari.

Wasomaji wa eneo la Maziwa Makuu wanao mfano wa karibu ambao ni nadra kutajwa katika mijadala hii. Mtambo wa KivuWatt nchini Rwanda, wenye uwezo wa megawati 26 na uliozinduliwa rasmi Mei 2016, huchota maji ya kina kirefu ya Ziwa Kivu yaliyojaa gesi, na kwa kuwa gesi hiyo ina hewa ukaa nyingi kuliko methani, huoshwa kwa maji ya ziwa juu ya jukwaa linaloelea kabla ya kupelekwa nchi kavu kwenye injini. Gesi ile haisafishwi hadi kiwango cha gesi asilia, kwa kuwa injini haihitaji usafi huo, lakini kanuni ni ile ile, na inaendeshwa katika mazingira yetu.

Udhaifu wake wa kwanza kwetu ni joto. Maji ya nyuzi 30 hubeba zaidi kidogo tu ya nusu ya hewa ukaa inayobebwa na maji ya nyuzi 10, kwa hiyo mtambo uliobuniwa kwa ajili ya Uswidi ukiwekwa Tanga bila kubadilishwa utahitaji ama maji mengi zaidi yanayozungushwa, ama shinikizo kubwa zaidi, ama mashine ya kupoza maji, na yote hayo ni umeme. Muuzaji anayetoa tarakimu za matumizi ya umeme aulizwe zimepimwa kwa maji ya nyuzi ngapi. Udhaifu wa pili ni kwamba hewa inayopulizwa hutoka na hewa ukaa, methani iliyobaki na harufu ya salfa kwa pamoja, methani ikiwa kidogo mno kuweza kuwaka yenyewe. Methani inayopotea huwa asilimia 1 hivi, nayo hewa ukaa ikiisha kuchanganyika na hewa ya kupulizia haiwezi tena kukusanywa ikauzwa. Udhaifu wa tatu utaonekana mbele: maji hayaondoi naitrojeni, na ile hewa ya kupulizia huacha oksijeni na naitrojeni kidogo ndani ya maji yanayorudi kuosha gesi.

Kuchuja kwa utando

Utando wa kisasa ni maelfu ya nyuzi nyembamba za plastiki maalumu, kila moja ikiwa na uwazi katikati, zilizofungwa pamoja ndani ya bomba la chuma. Gesi ikisukumwa ndani kwa bar 10 hadi 20, hewa ukaa hupenya ukuta wa nyuzi haraka, na methani hubaki upande wa ndani na kutoka mwisho wa bomba. Kwa kuwa methani kidogo nayo hupenya, mitambo mizuri hupanga utando kwa hatua tatu na kurudisha gesi ya katikati kwenye kompresa, na kwa mpango huo hasara hushuka hadi asilimia 0.5 hivi. Mtambo wa hatua moja huuzwa kwa bei ya chini na hupoteza methani mara nyingi zaidi. Tofauti hiyo ya bei mnunuzi ataendelea kuilipa kila siku.

Sifa kubwa ya utando ni kwamba hauna sehemu zinazozunguka isipokuwa kompresa. Mtambo mzima huletwa ndani ya kontena, huwashwa na kuzimwa kwa dakika chache, na ukitaka kuongeza uwezo unaongeza mabomba. Kwa chanzo kidogo au cha kati, ambacho gesi yake hupanda na kushuka, sijaona njia inayoushinda. Aidha shinikizo lililokwisha kulipiwa halipotei pale gesi inapokwenda kwenye mitungi ya bar 200, kwa sababu kompresa ya mwisho huanzia bar 10 au zaidi badala ya sifuri.

Gharama yake imefichwa katika maandalizi. Utando huharibiwa na mafuta ya kompresa, matone ya maji na misombo mizito ya kikaboni, kwa hiyo gesi lazima ikaushwe kwa kupozwa na kupitishwa katika mkaa maalumu wa kunyonya, nao mkaa huo ni wa kubadilishwa mara kwa mara. Mwenye mradi Afrika Mashariki ajue mapema mkaa na nyuzi za akiba zitatoka nchi gani, zitakaa bandarini siku ngapi, na nani atazibadilisha.

Kunyonya kwa amini

Amini ni kemikali inayoshikana na hewa ukaa na kuiacha methani karibu yote, na kwa hiyo njia hii inaongoza katika mambo mawili: usafi wa methani unaopita asilimia 99, na hasara ya methani iliyo chini ya asilimia 0.1. Kazi hufanyika kwa shinikizo linalokaribia lile la hewa ya kawaida, na umeme unaotumika ni karibu nusu ya ule wa njia mbili zilizotangulia.

Bei ya faida hizo ni joto. Amini iliyoshiba lazima ichemshwe kwa nyuzi 120 hadi 150 ili iachie hewa ukaa, na hilo hutaka uniti 0.5 hadi 0.6 za joto kwa kila mita ya gesi ghafi. Katika mfano wetu wa mita 500, ni karibu uniti 275 kwa saa, sawa na asilimia 9 ya nishati yote ya gesi. Penye joto la bure, kama vile kiwanda cha sukari chenye mvuke wa ziada au kiwanda cha pombe, amini ni chaguo la heshima. Pasipo na joto hilo, utachoma sehemu ya gesi yako ili kusafisha iliyobaki. Zaidi ya hayo, hewa ukaa yake hutoka ikiwa safi kiasi cha kufaa kusafishwa zaidi na kuuzwa, kwa mfano kwa mashamba ya maua ya nyumba za plastiki. Amini haipatani na oksijeni, ambayo huiozesha polepole, na kwa sababu hiyo gesi ya dampo na amini ni wageni wasiopaswa kukaribishwa pamoja bila maandalizi makubwa.

Kunasa kwa chembe zenye vinyweleo

Hapa gesi iliyoshindiliwa huingia katika tangi lililojaa chembe za kaboni au madini yenye vinyweleo vidogo mno, hewa ukaa hunaswa, na methani hupita. Tangi likishiba, shinikizo hushushwa, chembe hutema zilichonasa, na kazi huhamia tangi jingine. Matangi manne au zaidi hupokezana zamu kila baada ya dakika chache. Njia hii haihitaji maji wala kemikali, jambo linaloipa thamani katika maeneo makavu. Hasara ya methani huwa kubwa kiasi, asilimia 1.5 hadi 2 au zaidi, na haidrojeni salfaidi lazima iondolewe kabisa mapema kwa sababu chembe zikiinasa haziitemi tena. Kwa bayogesi ya kawaida sioni sababu ya kuiweka mbele ya utando. Umuhimu wake upo kwingine, nako ni kwenye naitrojeni.

Naitrojeni, mahali uamuzi unapofanyika

Methani na naitrojeni zina molekuli zinazokaribiana sana kwa ukubwa, hazishikani na amini, haziyeyuki sana katika maji, na katika utando wa kawaida husafiri upande mmoja. Njia tatu za kwanza, kwa hiyo, huondoa hewa ukaa na kuiacha naitrojeni yote pamoja na methani. Tuchukue gesi ya dampo yenye methani sehemu 50, hewa ukaa 35, naitrojeni 12 na oksijeni 3. Ukiiondoa hewa ukaa yote bila kubakiza hata chembe, unabaki na sehemu 65 ambazo methani ni 50, yaani asilimia 77. Gesi hiyo itawaka, lakini haitapokelewa na bomba wala haitafaa gari lililorekebishwa kwa gesi asilia. Ili kufikia asilimia 96 kwa njia hizo, naitrojeni na oksijeni kwa pamoja zisizidi sehemu 2 katika gesi ghafi.

Jambo la kwanza la kufanya si kununua mashine, ni kurudi kwenye visima. Kisima kinachofyonzwa kupita kiasi huvuta hewa, na hewa ikiingia kwenye taka zinazovunda inaweza hata kuwasha moto chini kwa chini. Ukipunguza mfyonzo, naitrojeni hushuka. Lakini ukipunguza mno, methani hutoroka juu ya ardhi na harufu huwafikia majirani. Mpango ambao umethibitika katika madampo makubwa ni kugawa visima: vile vya katikati, vyenye gesi yenye methani nyingi na hewa kidogo, hupelekwa kwenye kusafishwa, na vile vya pembezoni, ambavyo kazi yake ni kuzuia gesi isivuke mpaka, hupelekwa kwenye injini au mwenge wa kuteketezea. Gharama ya bomba la pili ni ndogo kuliko gharama ya kuondoa naitrojeni kwa mashine.

Ikiwa baada ya hapo naitrojeni bado ni nyingi, zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni chembe zilizoundwa mahususi kunasa naitrojeni, zinazowekwa baada ya hatua ya kuondoa hewa ukaa. Hizi hutumika katika madampo ya Marekani, nchi iliyoanza kuvuna gesi ya dampo na kuiuza kwa bomba katika dampo la Palos Verdes, California, mwaka 1975. Ya pili ni baridi kali. Methani hugeuka kimiminika kwa nyuzi 161 chini ya sifuri na naitrojeni kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, na pengo hilo la nyuzi 35 hutosha kuzitenganisha katika mnara wa kukenekea. Kampuni ya Waga Energy ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 2015, huanza na utando kuondoa hewa ukaa, ambayo isipoondolewa ingeganda na kuziba mabomba, kisha humalizia kwa baridi. Mtambo wake wa kwanza ulianza kazi Ufaransa mwaka 2017. Njia hii hupokea gesi yenye hewa nyingi kuliko nyingine zote, lakini ni ghali, hutaka umeme usiokatika, na hutaka waendeshaji waliofunzwa kushughulika na oksijeni na methani zikiwa karibu karibu. Kwa chanzo cha chini ya mita mia kadhaa kwa saa, sidhani inajilipa.

Naitrojeni huweza kuingia hata kwenye bayogesi ya tangi, na kosa hili huwapata watu makini. Njia rahisi ya kupunguza haidrojeni salfaidi ni kupuliza hewa kidogo ndani ya tangi ili vijidudu vigeuze salfa kuwa unga wa manjano. Kwa anayezalisha umeme ni utaratibu mzuri. Kwa anayekusudia kusafisha, hewa ya asilimia 4 tu huacha naitrojeni ya karibu asilimia 5 katika gesi iliyosafishwa, na mtambo wa thamani kubwa unashindwa kufikia kiwango kwa sababu ya pampu ndogo ya hewa. Katika mradi wa kusafisha, salfa idhibitiwe kwa chumvi za chuma zinazotiwa tangini, au kwa oksijeni iliyopimwa, au kwa mkaa nje ya tangi.

Methani inayotoroka

Asilimia 2 ya hasara husikika kuwa kidogo. Katika mfano wetu ni mita 6 kwa saa, zaidi kidogo ya kilo 4, na kwa saa 8,000 za kazi kwa mwaka ni tani 34 hivi. Kwa kuwa methani hii huathiri tabianchi mara 27 kuliko hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100, na karibu mara 80 kwa kipimo cha miaka 20, tani hizo 34 ni sawa na zaidi ya tani 900 za hewa ukaa kwa mwaka kwa kipimo kile cha upole. Amini yenye hasara ya asilimia 0.1 ingepoteza chini ya tani 2. Anayejenga mtambo huu kwa ajili ya mazingira na kuacha gesi ya mabaki itoke hewani anabatilisha sehemu ya kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo njia zenye hasara kubwa zilinganishwe zikiwa pamoja na kichomeo cha gesi ya mabaki, na gharama ya kichomeo hicho iingizwe katika bei tangu siku ya kwanza.

Nani achague nini

Kwa shamba la ng'ombe, machinjio, soko au kiwanda cha mkonge chenye tangi la kisasa na gesi isiyofika mita 500 kwa saa, ningechagua utando wa hatua tatu, mradi umeme ni wa kuaminika na mkataba wa vipuri umesainiwa. Pale ambapo maji yapo, hali ya hewa ni ya ubaridi kama nyanda za juu za Kenya, Iringa au Mbeya, na mafundi wa pampu ni wengi kuliko mafundi wa mitambo ya gesi, kuosha kwa maji kunastahili kutangulizwa, hata kama hasara yake ni kubwa kidogo. Penye joto la ziada la kiwanda na gesi nyingi isiyo na oksijeni, amini. Kwa tope la majitaka ya jiji, utando au maji vyote vinafaa, lakini siloksani ziondolewe kwanza kwa mkaa, kwa sababu majitaka nayo hubeba shampuu zetu.

Kwa madampo yetu ushauri wangu ni mzito zaidi. Dampo lililo wazi, linalowaka moto hapa na pale na lisilofunikwa kwa udongo, kama ilivyo Dandora jijini Nairobi, halina gesi ya kusafisha kwa maana ya mradi huu. Hewa hupita humo kama kwenye tenga. Visima vya gesi vilichimbwa Dar es Salaam katika dampo la Mtoni chini ya utaratibu wa Itifaki ya Kyoto, ule mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, baada ya dampo kufungwa, na mpangilio huo wa kufunika kwanza kisha kuvuna ndio sahihi. Maporomoko ya dampo la Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, yaliyoua zaidi ya watu 30, yanaonyesha kwamba kusawazisha miteremko na kufunika taka ni kazi ya kuokoa maisha kabla ya kuwa kazi ya nishati. Baada ya kufunika, gesi ipelekwe kwenye mwenge na injini kwa miaka michache huku ikipimwa, kwa kuwa injini husamehe naitrojeni na mwenge husamehe karibu kila kitu. Ieleweke pia kwamba dampo likifungwa gesi yake hupungua mwaka hadi mwaka, tofauti na tangi linalolishwa kila siku, hivyo mtambo unaonunuliwa kwa kipimo cha mwaka wa kwanza utakuwa mkubwa kupita kiasi kabla mkopo haujaisha.

Mabaki ya chakula na ya masokoni ambayo bado hayajafika dampo yana njia fupi zaidi: yatenganishwe yangali mabichi na yapelekwe kwenye tangi. Gesi itakayotoka itakuwa na naitrojeni kidogo sana, itakuwa na siloksani kidogo au haina kabisa, na itasafishwa kwa mtambo wa kontena moja badala ya mnara wa baridi kali. Kwa miji yetu, ambako sehemu kubwa ya taka ni mabaki ya jikoni na sokoni, ningeweka fedha huko kabla ya kuziweka kwenye visima.

Lolote litakalochaguliwa, gesi ghafi ipimwe kwa miezi kadhaa, masika na kiangazi, kabla ya kutangaza zabuni, kwa sababu udongo wa dampo uliolowa huziba nyufa na uliokauka huzifungua, na gesi ya Aprili si gesi ya Septemba. Mkataba nao utaje kwa tarakimu naitrojeni ya juu kabisa ambayo mtambo utaipokea, hasara ya methani itakayopimwa kwenye bomba la mabaki na si kukadiriwa, umeme kwa kila mita ya gesi ghafi kwa nyuzi za joto za eneo husika, na siku ambazo muuzaji atachukua kufikisha kipuri.